Wenye Jina Letu

Jumatatu, 4 Machi

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata mama. Baba yangu haoni pembeni, na ndiye anayeendesha basi la shule.

Nimeligundua mwenyewe. Mezani anagonga glasi iliyo karibu na kiwiko chake, kisha anamlaumu aliyeiweka. Mlangoni anampita mama kama nguzo, na mama anadhani amenuna. Mbele yake anaona vizuri kabisa. Anasoma gazeti, na mama akishindwa kutunga uzi kwenye sindano ya cherehani, baba ndiye anayemtungia. Ni pembeni ndiko kulikofungwa, kama mtu anayechungulia kupitia bomba.

Ndiyo maana tangu nipate kazi ya muda kliniki ya macho, nikisubiri matokeo ya mtihani, kila asubuhi napanda basi lake. Linapita hapo. Nakaa kiti cha mbele na kuzungumza. Mimi, ambaye darasani walimu walikuwa wakiniwekea alama ya kutokuwepo nikiwa nimekaa palepale! "Baba, ona yule wa baiskeli alivyopakia mayai." "Baba, yule mama na mtoto wanataka kuvuka." Anacheka, anasema kazi imenifungua mdomo. Hajui kwamba mimi ndiye kioo chake cha pembeni.

Jioni ninakuwa bado kazini, na anawarudisha watoto bila mimi. Saa hizo sili, sinywi, nasikilizia tu simu.

Mvua zimeanza leo.


Jumanne, 5 Machi

Mvua. Wamefika wote salama.


Alhamisi, 7 Machi

Kazi yangu ni kuita wagonjwa dirishani. Tunaita kwa jina la ukoo, kwa sababu ukiita la kwanza, nusu ya benchi inasimama. Dada wa mapokezi alinifundisha siku ya kwanza: "Toa sauti, mdogo wangu. Hawa tayari hawaoni, ukinong'ona utawafanya na viziwi."

Leo nimeokota kadi iliyofuata nikakuta jina letu.

Siliandiki hapa. Ni adimu kiasi kwamba ukilisoma utakuwa umeshatupata na nyumba yetu na rangi ya mlango. Shuleni nilikuwa peke yangu mwenye nalo, na kila mwalimu mpya alilitamka kama anayeonja kitu cha moto. Baba hutuambia kwamba tuko sisi tu duniani. Nikadhani mtu ameandika jina langu kwa kunitania. Nikaita kwa sauti ndogo.

Akasimama bibi mwenye kofia ya sufu, ameshika fimbo nyeupe.

"Ita tena, mjukuu wangu," akasema. "Hujalimaliza, umelila mwisho."

Nikaita tena. Niliona haya kama niliyeita jina langu mwenyewe mbele za watu, na kweli ndivyo ilivyokuwa.

Daktari wetu ni mwanamke mfupi, hupanda stuli kufikia mashine zake. Baadaye aliniita chumbani. Bibi yule ana presha ya macho, ile inayokula uoni taratibu kuanzia pembeni, bila maumivu, mpaka linabaki tundu la katikati, kisha tundu nalo linaziba. Kinachopotea hakirudi. Kilichobaki kinaweza kuokolewa kwa dawa au upasuaji.

"Ya kwake ni ile inayotembea kwenye damu," daktari akasema. "Na jina hilo sijaliona kwa mwingine zaidi yako. Ni ndugu yenu?"

"Sijui."

"Basi jua. Kama ni damu moja, nataka kuona macho ya nyumba yenu yote."

Kuanzia pembeni, alisema.


Ijumaa, 8 Machi

Nimemuuliza baba kwa kuzunguka, kama kawaida yangu. Nimesema kuna bibi mwenye jina letu.

"Haiwezekani," akasema. "Jina hili baba wa babu yangu alipewa na mwenye karakana aliyemwajiri. Lilianzia hapo. Huyo wako ameliokota kwingine, majina yanagongana."

"Na babu, baba yako? Mbona alipofuka?"

"Alikuwa mchomelea vyuma! Moto ulimla macho. Unataka kuleta nini?"

Sikutaka kuleta kitu. Niliosha vyombo. Lakini swali limeshakaa wazi: kama jina lina chanzo kimoja, baba anapofuka. Kama lina vyanzo viwili, basi labda ni uchovu tu, au miwani. Sijawahi kutamani hivi tusiwe na ndugu.


Jumatatu, 11 Machi

Asubuhi, ukungu. Nimetaja punda, matangi ya maji, mzee mwenye mwavuli na watoto wasio na idadi. Sauti imekauka. Baba ameniuliza kama ninalipwa kwa neno.


Alhamisi, 14 Machi

Nimetafuta jina letu mtandaoni. Ukiandika la rafiki yangu wa shule, zinashuka sura mpaka kidole kinachoka. Ukiandika letu, zinakuja sura chache, kisha simu inauliza kama nilikusudia kuandika kitu kingine.

Kuna mwanamke mwenye saluni katika mji wa mbali, ameliandika jina juu ya mlango kwa rangi ya waridi. Kuna mchoma matofali. Kuna mwalimu mstaafu anayeweka picha za paka wake.

Kupiga simu kwa mtu nisiyemjua! Nimeandika maneno kwanza kwenye karatasi. Mwenye saluni alipopokea nikasahau kusoma.

"Haloo? Nani? Kama ni deni la nywele za bandia, niliyemtuma ameshalipa!"

Nikamwambia jina langu. Kisha akapiga kelele hadi wateja wake wakamuuliza nani amefariki.

"Hajafariki mtu! Nimepata mwenzangu!"

Anasema kwao jina ni la kisima. Babu wa babu alichimba kisima, kisima kikaitwa hivyo, na wao wakaitwa kwa kisima. Nimefurahi mno. Kisima si karakana. Vyanzo viwili! Usiku nimelala kama gogo.


Jumatatu, 18 Machi

Mchoma matofali anasema jina lilitoka kwa mganga wa mifugo. Mwalimu mstaafu anasema ni jina la kiongozi wa kale, na kwamba damu yetu ni ya utawala. Nilipomwambia habari ya karakana akanikatia simu.

Vyanzo vinne sasa. Daktari hakucheka nilipomwambia.

"Kila nyumba hujisimulia inavyopenda," akasema akishuka kwenye stuli. "Huwaulizi unachopaswa kuuliza. Usiwaulize jina lilitoka wapi. Waulize nani kwao alishika fimbo."


Alhamisi, 21 Machi

Niliahirisha kwa siku mbili nzima nikijifanya nina mafua. Leo nimewapigia tena.

Mwenye saluni: "Baba yangu? Alipofuka, ndiyo, masikini. Ni kulia. Tulipofiwa na mama alilia mpaka macho yakaisha."

Mchoma matofali: "Kwetu wanaume wote wanamalizika macho, dada. Moshi wa tanuri. Hata mimi la kushoto limeanza kuleta ukungu."

Mwalimu mstaafu: "Kusoma kwa koroboi. Ni ugonjwa wa wasomi." Akaniomba nisimpigie jioni kwa sababu jioni haoni vizuri kitufe cha kupokelea.

Machozi, moshi, koroboi, moto wa kuchomelea. Hawajawahi kuonana hawa watu. Kila nyumba ilijitungia chanzo cha jina, na kila nyumba ikajitungia chanzo cha upofu. Nilikaa kwenye ngazi za nyuma za kliniki, mvua inanilowesha magoti, mpaka dada wa mapokezi alipokuja kuniambia wagonjwa wanaitana wenyewe.


Jumamosi, 23 Machi

Bibi amekuja kuchukua dawa. Nilimkamata mkono mlangoni, nikamwamkia, nikamwambia mimi ni nani. Akanipapasa uso mzima, taratibu, kama anayekagua kitambaa dukani.

"Pua ni yetu," akasema. "Pole sana."

Nikamuuliza. Yeye hakuwa na kisima wala ufalme.

"Babu yangu alikuwa mpika lami, mjukuu wangu. Barabara kuu ilipojengwa, yeye ndiye aliyekoroga mapipa. Jina lake la kuzaliwa msimamizi alishindwa kulitamka, akampachika hilo, na hakuna mwingine aliyewahi kuitwa hivyo. Barabara ikisogea, kambi inasogea, naye anasogea. Na kila kambi alioa! Lami ikikauka, na ndoa imekauka. Akiulizwa na wakwe alikotoka, kila mahali alitoa hadithi tofauti. Alikuwa mwongo mtamu sana."

"Aliona vizuri, Bibi?"

"Mwisho alikuwa anakanyaga lami ya moto akidhani ni kivuli."


Jumanne, 26 Machi

Nimefika nyumbani nikamkuta mdogo wangu, tunamwita Kasuku kwa sababu zinazosikika, anarukaruka jikoni. Ana miaka tisa, naye husoma shule hiyohiyo na hurudi na basi la baba.

"Dada, umekosa! Vitunguu vilikimbia! Baba amegonga kibanda, pwaaa, vitunguu vikakimbia barabarani, na mama wa vitunguu akapanda juu ya ndoo akatutukana, na kioo cha pembeni kimekatika kikaanguka ndani kwa dirisha, kikaanguka kwenye begi la mwenzangu!"

"Kwenye begi?"

"Alikuwa amelipakata. Begi limechanika!" Akacheka hadi akakaa chini.

Baba alikuwa anakula, hakuinua kichwa. "Kibanda kimesogezwa barabarani," akasema. "Wanatupangia biashara mpaka kwenye matairi."

Mama akasema angalau hakuumia mtu. Mimi nilitoka nje nikasimama nyuma ya pipa la maji. Nilikuwa naliona begi lile, na magoti ya mtoto chini yake.


Jumatano, 27 Machi

Nimepanda basi. Nimezungumza njia nzima. Kioo kipya kinang'aa. Kwa baba hakina kazi yoyote.


Jumatatu, 1 Aprili

Mvua haikati. Nimeanza kumchukia baba kidogo, hasa anapopiga mluzi akiwasha injini. Kisha nachukia kwamba namchukia. Wazazi wanamshukuru kwa jina langoni, jina letu lile gumu, wote wamejifunza kulitamka.


Jumapili, 7 Aprili

Leo nimeandaa vita vyangu kwa maharage.

Baada ya chakula cha mchana nilitandaza ramani ya Kasuku mezani. Kila mji wenye mtu wa jina letu niliuwekea punje ya haragwe. Mwenye saluni, mchoma matofali, mwalimu, Bibi, sisi, na wengine wawili ambao mwenye saluni amewachimbua. Mvua ilikuwa inapiga bati, kwa hiyo baba hakuwa na pa kwenda. Akaja kuangalia tunacheza nini.

"Hawa ndio wenye jina letu, Baba. Wote."

Nikamsimulia habari ya mpika lami na ndoa zake, naye akainama juu ya ramani. Zamani, kabla hatujazaliwa, aliendesha lori la masafa. Nilimwona akianza kusoma ramani ile kwa namna nyingine, midomo inasogea.

"Hii ni barabara kuu," akasema polepole. "Hii yote. Kila palipo na punje pana tangi kuukuu la maji, la kambi ya lami. Tulikuwa tunapumzika hapo." Akaweka kidole kati ya punje mbili. "Lakini hapa napo pana tangi. Kama hadithi yako ni ya kweli, hapa pangekuwa na mtu. Hayupo. Kwa hiyo si kweli."

"Nitauliza."

"Uliza. Na mbona mmeishia hapa? Huku kushoto barabara inaendelea, tulifika mpaka mpakani."

Kushoto zilikuwepo punje mbili. Zilikuwa chini ya mkono wake kabisa, karibu na kiwiko. Kasuku akafungua mdomo kusema, nikamkanyaga mguu.

Nilitafuta namba ya kituo cha mafuta cha mji ule aliouwekea kidole. Nilipiga palepale, sauti ya nje, baba akisikia. Nikamuuliza mhudumu kama anamjua mtu mwenye jina letu.

"Aa, fundi saa?" akajibu bila hata kufikiri. "Huyo yuko hapa ng'ambo. Ila kama una saa usimletee, siku hizi anauza mikanda tu. Macho yamegoma."

Mama akaacha cherehani. Baba akachukua koti lake, akasema anakwenda kuangalia kama basi halivuji.


Jumatatu, 8 Aprili

Nilidhani asingekwenda kazini. Alikunywa chai akaniambia, "Wiki tatu tu muhula unafungwa. Nitamaliza, ndipo tuje huko kwenu." Tukatembea pamoja mpaka uwanja wa shule, Kasuku mbele akiruka madimbwi, kama siku zote.

Baba akapanda, akawasha. Mimi nikabaki chini mlangoni.

"Panda, utachelewa."

"Sipandi. Na wewe shuka, Baba."

Sijui sauti ile ilitoka wapi. Dereva wa akiba, aliyekuwa anafuta basi la pili, aligeuka.

"Mimi ndiye ninayekuonyesha baiskeli," nikasema. "Na punda, na watoto wanaovuka. Kila asubuhi. Siongei kwa sababu ya kazi. Naongea kwa sababu huwaoni."

"Nani kakwambia siwaoni?"

Nikapanda ngazi moja, nikasimama ubavuni mwake. "Angalia mbele. Nimeinua vidole vingapi?"

Akageuza kichwa.

"Usigeuke, Baba."

Akarudi kuangalia mbele. Vifuta mvua vilikwenda na kurudi. Hakutaja idadi yoyote. Aliuzima mtambo, akamrushia ufunguo dereva wa akiba, akamwambia tumbo linamkata. Kisha akakaa kwenye ngazi ya basi, miguu yake mvuani.

"Tangu lini umejua?"

"Kabla ya mvua."

"Na ukawa unakaa kiti cha mbele."

"Ndiyo."

"Ulikosea," akasema. Sijamwona akiwa na hasira tulivu namna ile. "Ulikosea sana, mwanangu. Ungeninyang'anya ufunguo siku ileile. Ningekupiga kelele, na ungeninyang'anya tu." Akapangusa uso. "Mimi nimekosea kabla yako. Nilijua lori likiwa bado mikononi mwangu. Nilijidanganya kwamba kwetu macho huliwa na moto wa kuchomelea tu, wakati mimi sijawahi kuchomelea hata msumari."

Tulikwenda kliniki kwa miguu. Nikaingia dirishani, nikavaa koti langu, nikasubiri kadi yake ifike juu. Kisha nikaita jina letu, lote, bila kula mwisho.

Wakasimama wawili. Bibi alikuwa amekuja kupima presha.

"Ni zamu ya nani?" akauliza.

"Yangu, Shangazi," baba akasema, "ila nishike mkono, sikuoni uliko." Ukumbi mzima ukacheka, na yeye pia.

Kipimo cha upana wa kuona kinafanywa kwenye chumba chenye pazia. Unaangalia katikati ya bakuli jeupe, taa ndogo zinawaka huku na huku, ukiiona unabonyeza kitufe. Nilikaa nje ya pazia. Nilisikia kitufe kikilia, kikilia, kisha kikanyamaza muda mrefu mno. Mashine ilikuwa inaendelea kuvuma. Taa zilikuwa zinawaka, najua. Nilikaa nikiusikiliza ukimya ule wote.


Ijumaa, 12 Aprili

Baba amemwambia mwalimu mkuu mwenyewe. Dereva wa akiba ndiye anayeendesha sasa. Mama alipoelezwa alianza kucheka, kisha kulia. "Kumbe hukuninunia! Miaka yote hii namrudishia kununa mtu asiyeniona!"

Upasuaji ni tarehe tatu mwezi ujao. Kwanza alikataa. Anaogopa kisu kuliko giza. Jana akamwambia daktari mbele yangu: "Pima wanangu. Ikiwa balaa hili limeishia kwangu, nitalala kwenye meza yako hata kesho. Ikiwa nimewapa watoto, msinihangaikie mimi, wahudumieni wao." Na namjua. Akisema neno la hivyo harudi nyuma.


Jumatatu, 15 Aprili

Kasuku ni mzima. Alizungumza kipimo kizima, daktari akamtishia kumfunga mdomo kwa bandeji.

Mimi nimepimwa mara mbili. Kisha daktari akashuka kwenye stuli, akakaa juu yake, tukawa macho kwa macho.

"Imeanza," akasema. "Mapema sana, na hujapoteza kitu. Matone kila siku na utazeeka ukiona. Lakini kila siku, unanielewa?"

"Baba yupo nje."

"Una miaka kumi na minane. Habari hizi ni zako."

Nilitoka. Baba alisimama kabla sijamfikia, alikuwa ananitafuta kwa kugeuza kichwa chote, kama wanavyofanya wote wenye jina letu.

"Vipi?"

"Safi," nikasema.


Jumamosi, 27 Aprili

Mwenye saluni ameanzisha kundi la simu la jina letu. Mwalimu mstaafu bado anadai utawala, mchoma matofali anamwita Mtukufu Lami. Fundi saa anatumia ujumbe wa sauti, ana sauti nzuri. Lakini karibu wote wamepimwa, na wanawake wawili vijana wamewahiwa. Mvua zimepungua.


Alhamisi, 2 Mei

Kesho baba anapasuliwa. Amepanga begi tangu asubuhi. Ameniambia mbele ya mama kwamba haogopi tena, kwa sababu anajua kwamba sisi tumesalimika. Nikatabasamu, nikaenda bafuni kutia matone. Huteremka mpaka kooni, ni machungu, kama kumeza gome la dawa.

Basi wewe uliyefungua daftari hili, hata kama ni Kasuku, nakuomba usiseme. Usimwambie mama, kwa sababu uso wake hauwezi kuficha kitu. Usiwaambie wale wa kundi la simu. Bandeji zikishatoka nitamwambia baba mwenyewe, nikiwa nimekaa mbele yake, katikati kabisa, pale anapoona.